Ndege Waliokaa Eda

Picha ya kwanza ya pengwini niliyoituma nyumbani Tanga sikuipiga baharini. Niliipiga kwenye kalenda ya duka la jumla la vitambaa, katikati ya Johannesburg, nikiwa kwenye foleni na robota la bitana begani. Kalenda ilining'inia nyuma ya mwenye duka, na mwezi ule ulikuwa wa ndege hao: sita au saba juu ya jiwe, weusi mgongoni, weupe kifuani, kama wazee wanaosubiri kuitwa ndani kwenye shughuli. Asubuhi hiyo mama mkubwa alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti wenye swali lake la kila wiki: "Mwanangu, huko hupumziki? Hutoki hata siku moja ukatembea?"

Miaka tisa nilikuwa nimeimaliza baina ya maduka ya vitambaa na chumba changu cha kushonea kule Doornfontein, ghorofa ya tatu, ambacho nyuma ya pazia ndicho pia chumba changu cha kulala. Nikainua simu, nikapiga, nikatuma na maneno: "Jana tulikwenda kuwaona hawa. Pazuri mno."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mama mkubwa ni mtu wa kuuliza. Wanakula nini? Wanauma? Kuna baridi? Nikamjibu kwamba wanakula samaki, ambalo nililijua. Kwamba hawaumi, ambalo sikulijua. Na kwamba baridi ya huko inapasua midomo, ambalo nililitunga papo hapo huku nikivuta uzi wa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo. Wiki iliyofuata nikaongeza kwamba mmoja alikuja akachukua mkate mkononi mwangu. Sijui mkate ulitoka wapi. Mama yangu mzazi aliniambia kwamba mtaa mzima unazo habari za mkate ule.

Mama mkubwa ni dada wa mama. Alinilea tangu nina miaka saba, na ndiye aliyenifundisha kushona, kwa kunipiga rula vidoleni kila mshono ulipokwenda upande. Kwa hiyo riziki yangu imetoka mikononi mwake. Hata hivyo sidhani kama alitarajia niitumie nilivyoitumia. Mimi Mwislamu, binti wa chuo cha Kurani, kazi yangu ni majoho ya wachungaji. Mjini hapa kila jengo kuukuu lina kanisa, mengine yana kanisa kila ghorofa, na makanisa hayo yakigombana na kugawanyika, anayenufaika ni mimi. Palipokuwa na askofu mmoja wanakuwa wawili, na kila mmoja anataka joho lenye urembo kumshinda mwenzake. Sijawahi kuombea wagawanyike. Ila sijawahi kusikitika pia.

Mwaka juzi baba mkubwa alifariki. Mama mkubwa akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, katika nguo zisizo na urembo, akipokea pole. Alipotoka, wanawe wakakubaliana kwamba anahitaji kubadili hewa, na kwamba hewa ya kubadilia iko kwangu. Alishuka Johannesburg mwanzoni mwa Desemba na sanduku moja, pakiti nne za bizari na mfuko wa achari ambao sijui ulipitaje forodha. Nilimpokea, nikamwamkia, nikambusu mkono. Tulikuwa bado hatujafika kwenye teksi aliposema:

"Haya. Lini tunakwenda kuwaona ndege wako?"

Nilimwambia ni mbali. Akasema Tanga nako ni mbali. Nikamwambia msimu huu huenda wamehama. Akasema basi tukaulize walikohamia. Siku tatu akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, ananitazama nikikamilisha majoho kumi na mawili ya rangi ya zambarau, ya mchungaji mmoja Mkenya aliyekuwa akisafiri na wenzake kwenda kusimika watumishi wapya huko Limpopo.

"Wachungaji kumi na wawili," akasema. "Na kondoo wangapi?"

"Sijui, Mama mkubwa."

"Ulizia. Huenda kondoo nao wanahitaji nguo."

Siku ya nne nilisalimu amri. Kazi ilikuwa imekwisha. Mchungaji angekuja kuchukua majoho Alhamisi saa nane mchana, na jioni yake waondoke. Nikapiga hesabu ya siku: tukipanda basi Jumanne adhuhuri, Jumatano asubuhi tuko Cape Town, tunawaona ndege, saa kumi jioni tunapanda la kurudi, Alhamisi saa tano asubuhi niko mlangoni kwangu na ufunguo mkononi. Mtu aliyekuwa akidanganya kwa miaka miwili anapoamua kufanya jambo la kweli, hupanga vizuri sana.

Katika basi nilikaa nikifikiria nitafanyaje tukifika. Nisijue njia? Nishangae kama mgeni? Tulikuwa tumekwisha kutoka katika mji, tunapita mashamba ya mahindi machanga yasiyo na mwisho, mama mkubwa akimenya chungwa juu ya leso aliyoitandaza mapajani.

"Ile picha yako," akasema bila kuinua macho, "ilikuwa na Jumapili."

"Picha ipi?"

"Ya ndege. Chini kulikuwa na Jumapili, Jumatatu, Jumanne, kwa Kizungu. Na tarehe zake. Nikasema, bahari ya Afrika Kusini ina mpangilio."

Sikuweza hata kusema samahani, maana ingebidi niseme samahani ya nini, na mambo yalikuwa mengi, ukiuhesabu na ule mkate. Akanipa nusu ya chungwa.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Ulitaka tujue hujambo. Mimi nikajua una jambo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa ukipiga simu kila wiki kuongeza. Nilipenda upige."

Nikamuuliza, kama alijua kwamba sijawahi kufika, kwa nini basi ameng'ang'ania safari hii. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa nikiuliza kwa nini tunapiga pasi nguo ambayo haijashonwa.

"Kwa sababu nataka kuwaona. Wewe kusema uongo hakukuwafanya ndege wasiwepo."

Tulipofika Cape Town, dereva mmoja wa teksi aliziona kanga zetu kabla hatujamwona yeye. "Ba mama, karibu. Munaenda wapi?" Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mtu mpole wa makamo mwenye gari dogo jeupe lililong'aa. Mama mkubwa alimwambia tunakwenda kwa pengwini, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la jamaa. Akatupeleka, karibu saa nzima kando ya bahari, mpaka kwenye kitongoji chenye nyumba nyeupe za watu wenye nafasi. Nilitegemea mahali pa upweke, mwisho wa dunia. Hapana. Ndege wale wa porini walikuwa wakiishi nyuma ya nyua za watu, wakivuka barabara, mmoja akisimama mbele ya geti la mtu kana kwamba anadai kitu. Njiani kulikuwa na kibao kinachosema kabla hujaondoa gari, chungulia chini yake. Dereva alitusomea, tukacheka wote watatu.

Barafu haikuwapo. Jua lilikuwa kali, upepo ukitupa mchanga machoni, na harufu ilikuwa ile ya soko la samaki saa nane mchana. Tukapita kwenye daraja la mbao lililojengwa juu ya mchanga ili watu wasiwakanyage. Kabla hatujamwona hata ndege mmoja vizuri, tuliisikia sauti. Mama mkubwa akasimama.

"Nani ana punda hapa?"

Nikamwambia hakuna punda. Sauti ikaja tena, ile ile ya kuvuta pumzi kwa uchungu na kuitoa kwa malalamiko, kisha wengine wakaipokea. Alikuwa pengwini mmoja mdogo, hazidi goti, amenyoosha shingo juu na kufungua mabawa, analia kama punda wa kubeba chokaa.

"Umenisafirisha nchi tatu," mama mkubwa akasema, "nije nisikilize punda." Lakini nilimwona anatabasamu, na hakuwa ametabasamu hivyo tangu aje.

Walikuwa wengi. Wengine walikuwa safi kama walivyokuwa kwenye kalenda, wakiingia majini na kutoka. Ila wengi wa wale waliokuwa karibu nasi walikuwa katika hali ya kusikitisha. Manyoya yalikuwa yakiwatoka mafungu mafungu kama sufi ya godoro bovu, wengine wamebaki na ukosi wa manyoya makuukuu shingoni, na wote wamesimama kimya wakitazama mchanga. Karibu yetu kulikuwa na mke na mume, wageni wa Ulaya, mke akikaribia kulia. Alimwita mlinzi wa hifadhi, kijana wa kike mwenye kofia kubwa, akamwambia ndege hawa ni wagonjwa, kwa nini hakuna anayewatibu.

Mlinzi alionekana ameulizwa hilo mara nyingi. Akaeleza kwa upole, na mimi nikamtafsiria mama mkubwa. Si wagonjwa. Kila mwaka hunyonyoka manyoya yote na kuota mapya. Muda huo, yapata wiki tatu, hawawezi kuingia majini, kwa kuwa maji yatawapenya mpaka mwilini. Na kwa kuwa hawaingii majini, hawali. Hujilisha kwanza wakanenepa, kisha hupanda nchi kavu, wakasimama, wakangoja.

"Hawali kitu?" mama mkubwa akauliza.

"Hawali."

"Hawaendi popote?"

"Popote."

Akawatazama kwa muda. "Basi wamo edani," akasema.

Nilitaka kucheka, nikaona hacheki. Alikuwa ameegemea ubao wa daraja, anamtazama mmoja tu, aliyesimama peke yake karibu na kichaka, nusu mpya na nusu mkuukuu. Wenzake wakipita kutoka baharini wakiwa wamelowa na kushiba, yeye hata hageuzi kichwa. Yule mama wa Ulaya alikuwa bado anasema maskini, maskini, naye akimpiga picha. Mama mkubwa akaniambia, "Mwambie asiwaonee huruma sana. Hujui mwenzio humo ndani anawaza nini." Sikuitafsiri hiyo. Niliona haikuwa ya yule mama.

Tukakaa pale zaidi ya saa mbili. Nilikuwa nimejiandaa kuchoka, nisichoke. Saa nane kasoro nikasema twende, basi halingojei mtu, na tukarudi kwenye gari. Dereva alikuwa amesimama nje, mikono nyuma, kama mtu aliye msibani.

"Kuna shida kidogo," akasema.

Pengwini alikuwa chini ya gari. Si pembeni. Alikuwa katikati kabisa, karibu na gurudumu la nyuma, naye ni wa wale wanaonyonyoka. Alikuwa ameufuata ule uvuli, akausimamia kwa azma moja. Dereva akapiga makofi. Nikamwonyesha ganda la chungwa, nikaona haya mwenyewe. Mama mkubwa, ambaye amefuga bata maisha yake yote, akachutama na kumsemesha kwa sauti anayowasemeshea bata, na ndege akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, halafu akafumba yote mawili.

Nikanyoosha mkono kumsukuma kidogo tu. Akanidona kwenye kidole cha shahada, damu ikatoka. Yaani wanauma.

Mlinzi yule alikuja mbio. Tusimguse. Sheria. Ndege hawa wanakwisha duniani, na aliye katika hali hiyo akishtuliwa akakimbilia majini anaweza kufa. Kuna mtaalamu wa kuwaondoa, ila yuko ufukwe mwingine anashughulikia aliyejeruhiwa. Tungoje.

"Siwezi kuwasha gari, mama," dereva akamwambia mama mkubwa. "Huyu ndege iko na sheria yake. Mimi iko na ya wageni tu."

Nikatafuta gari jingine; siku hiyo ya likizo yote yalikuwa yamechukuliwa. Saa tisa ikafika. Nikampigia mchungaji.

Hapa inanipasa nieleze uhusiano wetu. Kwa miaka minne mchungaji yule ameniamini. Nilipochelewa kwa sababu nilichukua kazi ya mwingine, nilimwambia umeme umekatika, akasema pole siste. Nilipochelewa kwa uvivu, nilimwambia ovaloki imevunjika, akaiombea kwa simu, dakika tano nzima, nami nimesimama kando ya ovaloki nzima nikisema amina. Mtu huyo ndiye niliyempigia.

"Mchungaji, samahani sana. Niko Cape Town, na huenda nisiwahi kesho. Kuna pengwini chini ya gari."

"Kuna nini?"

"Pengwini. Ndege. Amekaa chini ya gari na hairuhusiwi kumgusa."

"Siste, kama haujamaliza kazi, sema haujamaliza. Mimi ni mtu wa kuelewa."

"Nimemaliza. Yote kumi na mawili, yamepigwa pasi, yametundikwa. Ila mlango ni wa chuma na ufunguo ninao mimi."

"Ungesema hata mgonjwa. Ungesema msiba. Sasa mimi niende niambie wazee wa kanisa ati ni ndege?"

Mama mkubwa akaniomba simu. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha Tanga, taratibu, kwamba yeye ni mama mkubwa wa huyu binti, ni mtu mzima, ametoka edani juzi, na anashuhudia kwamba ndege yupo na gari lipo juu yake. Mchungaji akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante mama, akakata simu.

"Ana adabu," mama mkubwa akasema. "Lakini hakuamini hata neno moja."

Ndege aliondoka mwenyewe saa kumi na nusu, uvuli ulipohama. Alitoka upande wa pili, akajikung'uta, manyoya machache yakabaki kwenye lami, akaenda zake kichakani bila kututazama. Wakati huo basi letu lilikuwa limekwisha kuondoka.

Dereva hakukubali twende nyumba ya wageni. Akasema aliyemkosesha mama basi ni gari lake, hata kama si yeye. Mkewe alitupokea kama tulioalikwa, akatupikia ugali na sombe iliyokolea mawese, nyekundu inayong'aa. Mama mkubwa alikula akarudia, na kila alipopata nafasi alininong'oneza kwamba hiki ni kisamvu, watu hawa wamekipaka rangi tu. Asubuhi akamfundisha mwenye nyumba kukitia nazi. Hawakuafikiana, na waliagana kwa kukumbatiana muda mrefu. Mchana tukapanda basi.

Nilifika mlangoni kwangu Ijumaa. Mchungaji alikuwa amekwenda Limpopo na wenzake wamevaa suti, na nikasikia baadaye kwamba hakuna aliyelalamika. Nilimtumia picha aliyoipiga dereva, ya ndege na gurudumu vikionekana wazi. Akajibu kwamba siku hizi simu zinaweza kutengeneza picha yoyote, na kwamba ananiombea. Kazi yake ikahamia kwa fundi mmoja wa Marshalltown, ambaye namfahamu, na ambaye anasema uongo mzuri kuliko wangu. Sikuwa na la kulalamikia. Miaka minne niliyomdanganya nililala vizuri. Ile siku moja ya kweli ndiyo iliyonitoa usingizi.

Majoho yakabaki. Rangi ya zambarau, mapana, marefu, yamepimwa kwenye miili ya wanaume kumi na wawili wenye afya. Januari ikaja kwaya ya akina mama wa Kikongomani kutoka kanisa la jengo la jirani, wakayapenda, ila walitaka yapunguzwe kila mahali: mabega, mikono, upindo. Mama mkubwa alikuwa amebakiza wiki tatu kabla ya kurudi. Akaketi kwenye kigoda chake, akachukua wembe, akaanza kufumua.

Ilikuwa siku ya pili ya kufumua aliponitajia baba mkubwa. Tangu aje hakuwa amemtaja, na mimi sikuthubutu kumwanza. Alisema bila kusimamisha wembe.

"Hakupenda safari. Miaka thelathini na minane sikuvuka naye Mto Wami. Nikisema twende Dar kwa mjukuu, anauliza nani atalisha bata."

Nikapunguza kasi ya cherehani ili nisikie.

"Alikuwa mtu mwema. Nimemlilia, Mungu anajua. Ila kule ndani, watu wanakuja, wanakaa, wananipa pole, na mimi kichwani nasema: sasa naweza kwenda. Kisha nalia tena, kwa sababu nimesema hivyo. Kila siku hivyo. Ningemwambia nani?"

Rula ilinifundisha zamani kwamba wakati mwingine ni heri mtu ashone tu. Akavuta uzi mrefu wa zambarau kutoka kwenye bega la joho, akauzungusha kidoleni, akaniuliza kama kuna basi la kwenda Durban, na kama huko nako kuna kitu cha kuona.

"Lipo," nikamwambia. "Kilichoko huko sikijui, Mama mkubwa. Sijawahi kufika."

"Vizuri," akasema, akanyoosha mkono nimpe joho linalofuata.